Mama, Zima Simu

...na huyu mzee wa mbele naye kichwa chake kikubwa, nikisogea kushoto naye kushoto, nikisogea kulia anakohoa, basi nimekaa kitako, mkono juu ya mkoba, mkoba juu ya simu, na simu bado ina joto kama mtu aliyetoka kusema sasa hivi akakatizwa, na kule jukwaani bwana wa kiini macho anamwingiza mwanamke kwenye sanduku, mwanamke mwenyewe anacheka, mguu mmoja, mguu wa pili, analala, anafunikwa, na ukumbi mzima umenyamaza kana kwamba... hapana, usiende huko, sanduku ni sanduku, limepakwa rangi ya dhahabu, lina magurudumu, la kwetu halina magurudumu, la kwetu linabebwa mabegani na linarudi tupu msikitini. Mama. Bimkubwa wangu. Inna lillahi. Nimesema moyoni maana hapa hairuhusiwi kusema kitu. Mize kaandika maneno machache tu, mdogo wangu huyu tangu utoto hajui kuzungusha, "Dada, mama katutoka. Wanaume washakwenda kuchimba, tunazika baada ya alasiri. Mkitaka kumwona uso njooni sasa," nami nikasoma, nikarudia kusoma, na kabla sijamaliza mara ya pili taa ndogo ikanimulika miguuni, nikainua uso, nikamwona mwanangu, kainama, kafunga shingoni kile kitambaa chao cha buluu, ananukia sabuni ya wageni, "Mama, zima simu, nakuomba, utanitia aibu," na mie nikasema nini? Nikasema nazima mwanangu. Akanishika bega, akaenda zake. Hiyo ndiyo kazi yake, kuzima simu za watu. Anapita na kitaa chake kama kimulimuli, simu ikiwaka tu popote keshafika.

Asubuhi pale gatini Mkoani alitupa masharti yote, mie na Bi Asya jirani yangu, maana mfanyakazi wa hii meli ya watalii, ikifika kwao, huruhusiwa kupandisha wageni wawili, na wengine kwao ni mbali huko, Ufilipino, mwanangu Nahla akaona bahati, akatupigia, "Njooni mnione kazini." Basi akatusimamisha juani akatueleza, msiweke mkoba kwenye kiti cha mtu, wageni hugombana sana kwa viti, watu wazima wenye wajukuu wanatandaza shali kwenye viti sita tangu saa ya chai kuwawekea wenzao, na mimi ndiye wa kuyaondoa mashali na kutukanwa, msisimame katikati, msitoke kabla hakujaisha, msizungumze, msipige vigelegele, Bi Asya nakutazama wewe. Bi Asya akasema, "Kwani tunakwenda msikitini? Hata msikitini watu hukohoa." Nahla akacheka, akaficha meno kwa mkono, anacheka kama bibi yake yule, na la mwisho akasema, wabaya kuliko wote ni wanaoujua mchezo, walishauona safari nyingine, wanamnong'oneza wa pembeni mwisho wake, na yule wa watu kaja kufurahi, anaharibiwa. Ukijua mwisho, kaa nao. Ndivyo alivyosema. Ukijua mwisho, kaa nao.

Nimekaa nao.

"Wamemfunika," ananinong'oneza Bi Asya, "na lile gauni lenyewe nusu, angalau sasa kastirika," na bibi mmoja wa nyuma anatufyonza, sijui wao nao hufyonza au ndiyo ile sshh yao, Bi Asya ananibana paja, anacheka kwa pumzi, hajui, nikimwambia atalia kwa sauti, huyu hajui kulia kidogo, basi naye simwambii, na sasa tupo watu wawili tu tunaojua, mie na simu. Bimkubwa mwenyewe ndiye aliyenitoa nyumbani. Nilitaka kubaki. Alfajiri nimemnywesha uji, haukupita, umerudi pembeni ya mdomo, nikampangusa, nikamwambia siendi, Nahla atafahamu, akanikunjia uso kama zamani nikichelewa skuli, akasema, "Nenda kamtazame mtoto, mie nipo, nende wapi?" Nende wapi. Akaniambia nichukue kile kikuba, Mize alikifunga jana kwa asumini na rehani, mpe mjukuu wangu, abandike chini ya hilo joho lao, wasimjue. Kimo mkobani. Kinanuka mpaka mzee wa mbele kageuka. Sijampa bado, Nahla alisema kazini haruhusiwi kunukia kitu, nitakupokea tukitoka, mama. Tukitoka. Tukitoka alasiri imeingia, na kutoka hapa mpaka nyumbani kwetu Jadida na ile barabara, mpaka tufike sanda imeshafungwa, watamtoa tukiwa bado njiani tunapishana na ng'ombe.

Sasa fikiri, usilie, fikiri, wewe si wa kulia mbele za watu. Nikimwita sasa, atatoka, namjua, hataomba ruhusa wala nini, ataliacha hilo koti mlangoni, na yule mkubwa wao, yule mwanamke mrefu aliyetupa mkono bila kututazama, kashasema asubuhi mbele yetu, wafanyakazi mwisho wao gatini, meli inang'oa nanga magharibi na haimngoji mtu. Ikimwacha imemwacha. Miaka ya chuo cha hoteli, vyeti, vipimo, mara mbili kakataliwa, na lile paa tuliloliezeka upya ni yeye, na Khatib mdogo wake yuko skuli kwa jasho lake, na nikimwacha amalize, ataondoka na meli, atafanya kazi yake, atacheka na wageni, nitamwambia kesho akiwa mbali, ama nitamwambia bibi kazidiwa, kesho kutwa ndiyo nimwambie, pole pole, kama tunavyofanya sote, msiba haumwagwi kama maji, mtu kwanza anaachwa ale, anaachwa amalize alilonalo mkononi. Ndiyo busara. Kila mtu Pemba atakwambia ndiyo busara.

Ndiyo busara niliyofanyiwa.

Nilikuwa kidato cha pili, msimu wa karafuu, tulikuwa bado Wingwi, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, naikuna huku nimekasirika kwa sababu walikuwepo wakubwa wangu wawili na nikaambiwa mie, na uani wakaanza kuingia watu, mmoja mmoja, wake wa majirani, wanakaa ukutani, nawaamkia, wanaitikia kwa sauti ndogo, nikajisemea leo hawa wamekuja kula, nikaongeza nazi ya pili. Nikaimba. Nakumbuka niliimba, kitu cha skuli, wala sauti sina, na hakuna aliyeniambia nyamaza, wamekaa wote wananitazama, mikono mapajani, kimya, kama hawa, kama hivi hivi hawa... wananitazama mimi na mbuzi yangu, wote wanajua mwisho, mie peke yangu sijui. Baba kaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Keshafika msikitini, keshaoshwa. Shangazi alifungua mdomo, nilimwona, nikadhani anataka maji, na mama kutoka mlangoni mwa jiko akaweka kidole juu ya midomo, hivi, akamtikisia kichwa. Nikamaliza nazi. Nikachuja tui. Ndipo nikaambiwa, na nilipofika wakasema mwanangu, uso umeshafungwa, mwombee dua.

Nilimuuliza. Si siku ile, baada ya kuzaa, nina mtoto wangu mgongoni, huyu huyu Nahla, nilimuuliza mama kwa nini ulinikalisha mbele za watu vile, akaendelea kupembua mchele wake, akasema, "Ungelijua, ile nazi ingelikunwa na nani? Watu walikuwa wataka kula." Basi. Nikakasirika wiki nzima. Kisha nikaacha, mtu huwezi kukaa na hasira na mama yako mnaishi nyumba moja, kuna maji ya kuteka. Na bado sijawahi kula kitu chenye tui la kwanza bila kuuona ule ukuta na wale wanawake, adabu yao yote, hawakukohoa hata mmoja.

Ngoma inapigwa pole pole, bwana wa kiini macho ameshika upanga, anawauliza watu kitu, wanacheka, Bi Asya anasema, "Anamkata? Huyu anamkata mtoto wa watu?" na kule pembeni, kwenye ngazi, kitaa cha Nahla kinapita, kinasimama, kinamwonesha mzee mmoja njia ya kwenda msalani, mwanangu kamshika kiwiko mtu asiyemjua kwa upole hasa, kama alivyokuwa akimshika Bimkubwa kumpeleka chooni, alilala kitanda kimoja naye mpaka siku anakwenda chuo, mguu juu ya mguu, nikiwaamsha alfajiri sijui wa nani ni upi... na anatabasamu. Nauona uso wake kwa mwanga wa jukwaa. Anatabasamu, mgongo kaunyoosha, anajua mama yake anamtazama. Anakuna nazi. Ya Rabi, anakuna nazi, na mie ndiye niliyekaa ukutani.

Akiniuliza je? Siku atakayokuja likizo, atahesabu, hawa watoto wa sasa ujumbe wa simu una saa yake, ataona Mize kaandika wakati gani, atasema mama, nilipokushika bega ulikuwa unajua? Uso wa bibi ulikuwa bado wazi, na wewe unajua? Nitamjibu nini, niendelee kupembua mchele? Paa. Nitamwambia paa. Na Khatib. Ni kweli yote mawili, na yeye ataitikia, atasema sawa mama, maana nimemlea vizuri, halafu hatakula tena nyumbani kwangu kitu bila kuwaona hawa wazee na kile kisanduku cha dhahabu. Labda atachagua kubaki. Labda atasema mama nenda, nizikieni, mie nibaki kazini. Lakini atachagua yeye. Mama, nisamehe, uliona watu wana njaa, hukukosea, hapa hakuna mwenye njaa, hawa wote wameshakula na watakula tena.

Siwezi kusimama. Siwezi kuita. Kapita upande wa pili, safu ndefu, magoti ya watu, upanga umeinuliwa, kila mtu kashika pumzi, sanduku bado limefungwa na ndani yake yule mwanamke hatikisiki. Nafungua mkoba. Harufu ya asumini inatoka yote kwa pamoja. Simu naitoa, sikuizima, nilisema nazima nikaigeuza tu kifudifudi, naibonyeza, mwanga unapanda mpaka usoni pangu, mweupe, mkali, na siufuniki kwa kanga. Mzee wa mbele anageuka na kichwa chake. Bibi wa nyuma anasema kitu kwa Kizungu, si kizuri. "Wee," Bi Asya ananivuta mkono, "weka, mwanao anakuja, ushamwaibisha," nami naiinua juu kidogo, ili aione vizuri, na kule mlangoni kile kitaa kimesimama, kimegeuka, kinashuka ngazi kuja kwangu.