Mwanamke wa Nyuma Mwenye Sinia

Projekta ya darasa la Historia ya Sanaa hukohoa kabla ya kuwaka. Ilipowaka, ilionyesha picha ile ile ya muhula mzima: mfanyabiashara, mkewe, mbwa wao, na nyuma kabisa mwanamke aliyebeba sinia. Mfanyabiashara anajulikana kwa jina. Mbwa pia.

"Na huyu wa nyuma?" aliuliza mhadhiri.

"Mtumishi, hajulikani," darasa likaitikia.

Mwanamke akatua sinia, akashuka ukutani, akaenda kuketi karibu na msichana waliyemwita Miwani. Mikono ilikuwa imemfia ganzi. Miwani alimwondolea mkoba kitini. Mwanamke akamnong'oneza jina lake na la mama yake.

"Mwalimu, ana jina," Miwani alisema.

"Chanzo?"

"Mwenyewe. Si huyu hapa?"

"Binti, mtu hawi chanzo chake mwenyewe." Mhadhiri akamgeukia mwanamke. "Nawe mama, mtihani Ijumaa. Uwe umesharudi."

"Nikipumzika," alisema mwanamke.

Ijumaa alikuwa bado hajapumzika.

"Kaa tu, shangazi," Miwani alimwambia. "Sinia nitalibeba mimi. Mimi wananijua, watalazimika kuandika jina."

Akavua viatu, akapanda. Sinia lilikuwa zito kuliko linavyoonekana ukiwa umekaa. Mwanamke akabaki kwenye kiti chake, akapewa karatasi kama wengine.

Swali la kwanza lilikuwa: Taja waliomo pichani.

Mrefu, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Miwani tangu mwaka wa kwanza na kuazima sabuni yake bila kurudisha, alitazama picha kwa muda. Akang'ata kalamu.

"Usinichukie, shoga," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshafeli somo hili mara moja."

Akaandika: Mtumishi, hajulikani. Darasa zima liliandika hivyo, likapata. Mwanamke aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akakosa. Miwani alihesabiwa kuwa hakuja.

Siku hizi wanapokezana. Miwani akichoka hushuka, mwanamke hupanda, na Mrefu huwaletea maji. Wanafunzi wapya wameanza muhula, na projekta bado inakohoa.

Jina la mbwa wanalishika siku ya kwanza.