Pongo Mmoja kwa Macho Yangu

"Nionyeshe pongo mmoja," mjomba Nyaga alisema. "Mmoja tu, nimwone kwa macho yangu. Usiniletee picha ya simu. Kwenye simu hata ng'ombe anaruka angani."

"Nikikuonyesha, hukati?"

"Nikimwona, sikati. Nisipomwona hadi Jumamosi, vijana wanaingia na msumeno."

Ruguru alimpa mkono palepale, asije akabadili nia. Walikuwa wamesimama mwisho wa shamba, mahali ambapo kichaka kilianza na kuteremka hadi karibu na bwawa la Kiambere. Mjomba alitaka kukifyeka chote apande muguka, ile miraa ya majani, kama majirani zake. Ruguru hakuweza kumlaumu. Mahindi yalikuwa yakimkaukia msimu baada ya msimu, na muguka hauogopi jua. Lakini ni katika kichaka hicho alipomwona pongo mara ya kwanza, akiwa mtoto aliyekuja kwa mjomba likizo: swala mwekundu mwenye madoa meupe, kama aliyenyunyiziwa chokaa. Siku hiyo ndiyo iliyompeleka chuo kikuu kusomea wanyamapori. Sasa alikuwa amehitimu, kazi hajapata, na kichaka chenyewe kilikuwa kinataka kumponyoka.

"Wameisha, mwanangu," mjomba alisema kwa upole. "Nakuhurumia tu."

Hata hivyo alikubali kumsaidia kutafuta. Ujanani alikuwa akiwinda na baba yake kwa siri, hadi alipookoka akatupa upinde na mitego. Njia za porini hakuzisahau. Alfajiri ya kwanza alimnusa Ruguru akatikisa kichwa.

"Unanuka harusi. Rudi ukanawe, na usiguse sabuni."

Waliingia kichakani polepole. Mjomba alibeba majivu katika kitambaa, na kila baada ya hatua chache alipukuta kidogo aone upepo unaelekea wapi. Upepo wa bwawani haukuwa na msimamo. Ukiwajia usoni sasa, baadaye kidogo unawasukuma mgongoni na kupeleka harufu yao mbele. Majani makavu yalilia chini ya viatu, wakavua viatu. Miiba ikawachoma, wakavaa tena.

"Hizi hapa kwato," Ruguru alinong'ona.

"Za mbuzi."

"Mbuzi gani mwenye kwato nyembamba hivi?"

"Mbuzi wa mke wangu Ciku hawali wakashiba. Kila kitu chao ni chembamba."

Walipata majani yaliyong'atwa upya, yenye utomvu bado. Walipata mahali nyasi zilipolaliwa, na Ruguru alipoweka kiganja aliona pana joto, ingawa mjomba alisema ni jua. Siku iliyofuata walisikia mbweko mmoja mkali, kama wa mbwa aliyekanyagwa. Wakajua ni pongo, kwani ndiyo sauti yake ya hofu. Walilala kifudifudi wakingoja, wadudu wakiwatambaa shingoni, lakini hakuna kilichotokea. Kadiri walivyozidi kunyata ndivyo kichaka kilivyozidi kuwa kitupu.

Ijumaa mjomba alisema magoti yake yamechoka. Alasiri Ruguru alifuatana na mke wa mjomba, Tata Ciku, kulisha mbuzi, kwa sababu kukaa nyumbani akiutazama upande ule kulimuumiza.

Kiangazi nyasi zikiisha, wafugaji wa huko huwaangushia mbuzi maganda ya mgunga. Tata Ciku alikuwa na upembo mrefu wenye ndoano. Alinasa tawi, akalitikisa kwa nguvu zake zote, maganda yakamwagika kwa kishindo. Mbuzi wakaja mbio, kengele zikigongana.

"Wewe Diwani!" Tata alimfokea beberu mwenye ndevu. "Umeshiba tangu uchaguzi, waachie wenzako!"

Ruguru alicheka, akageuka kumtazama beberu. Nyuma ya mbuzi wa mwisho, katika kivuli, alisimama pongo. Jike, mwekundu, mwenye madoa. Alikuwa ameinamisha kichwa akiokota maganda bila haraka.

"Tata," alisema. "Usiache kutikisa. Tazama kule."

Tata Ciku aliendelea kutikisa huku akichungulia, mdomo wazi. "Haki ya Mungu! Na mimi miaka yote natazama juu, vumbi likiniingia machoni."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ruguru alimweleza alichosoma: kwamba pongo hupenda kufuata nyani, ale matunda wanayoyaangusha.

"Kwa hiyo chuo kikuu kimekwambia mimi ni nyani," Tata alisema, akacheka mpaka akashikilia upembo asianguke.

Lakini Ruguru alikuwa akiwaza jambo jingine. Katika kichaka kile, kwa miaka mingi, aliyepita kwa kelele alikuwa mchungaji tu. Aliyenyamaza ndiye aliyekuja na waya wa mtego. Yeye na mjomba walikuwa wamenyata asubuhi zote zile, na kila hatua waliyoificha ilikuwa imewatangaza kuwa wauaji.

Jumamosi vijana walifika mapema kwa pikipiki. Marete, kiongozi wao, aliuweka msumeno chini, akaketi juu ya gogo kungoja amri. Ruguru alimwomba mjomba awafuate mbuzi na kutikisa mgunga kama Tata, bila kunyata.

"Niende kuwinda na kengele?" mjomba alimaka. "Vijana hawa wananitazama!"

"Wewe imba tu," Tata Ciku alimwambia. "Kanisani hatukuwezi, leo umeona haya?"

Mjomba aliuchukua upembo kwa hasira, akawafuata mbuzi hadi mgungani. Alianza wimbo wa kanisa kwa sauti ya kukwaruza, akitikisa tawi. Maganda yakaanguka. Alimaliza ubeti, akaingia wa pili, na pongo akatoka kivulini.

Mjomba alimwona. Papo hapo wimbo ukakatika. Mabega yalishuka, magoti yakakunjika, pumzi ikasimama. Mkono mmoja uliuacha upembo ukarudi nyuma, kwenye bega, mahali podo lilipokuwa likining'inia zamani. Pongo aliinua kichwa. Masikio yakageuka kuelekea kimya kile. Akabweka mara moja, akatoweka.

"Mbona umenyamaza?" Tata Ciku aliuliza.

Mjomba aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaushusha. Ruguru aliogopa kuuliza, lakini aliuliza.

"Umemwona, mjomba?"

Mjomba alitazama kule alikotowekea. "Mguu wa nyuma una kovu, limeuzunguka kama bangili. Waya huo. Yule aliukata akaponyoka, akapona."

Kutoka juu walisikia msumeno ukiwashwa kwa majaribio. Marete aliwapungia mkono.

"Mzee, tuanzie wapi?"

Mjomba alipanda hadi alipokuwa, taratibu, akashika kiuno.

"Zima hicho. Kuna mahindi yangu yamekauka kule juu, ng'oeni mabua hapo. Muguka nitaupanda huko, hata kama ni kidogo."

"Na hiki kichaka?"

"Kichaka kina mwenyewe."

Marete alicheka, akidhani mzee anajisifu kwa shamba lake. Mjomba aliteremka tena, akauokota upembo, akanasa tawi jingine, akauanza upya ule ubeti aliouachia njiani. Aliimba akitazama juu, vumbi likimwangukia usoni, na majani yalipochakarika nyuma yake hakugeuka.