Muuza Magodoro Anafundisha Kupumua

Muuza magodoro alipoona magodoro hayanunuliki tena, hakukaa akilia. Alivaa shati refu jeupe, akajiita Mtulivu, akabandika karatasi mlangoni: NJOO UPUMZISHE ROHO. Chumba kilikuwa kile kile cha zamani, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Magodoro yaliyomdodea aliyakata vipande vya kukalia. Kengele ya mezani, ile aliyokuwa akiigonga kumwita mpakizi, sasa akaigonga kuita amani.

Mpiga pasi alizipanda ngazi za pale kwa sababu ya shati la mtu. Alikuwa akifanya kazi kwa Mama Dobi, kwenye chumba cha nyuma chenye joto na mvuke. Siku hiyo upepo uliubamiza mlango, naye akaruka kama aliyepigwa kofi, akaiacha pasi ikiwa imelala kifuani mwa shati jeupe la mteja. Alipogeuka, moshi ulikuwa umeshapanda.

"We Bubu!" Mama Dobi alifika mbio. "Mlango tu ndio umekurusha hivyo? Angeingia simba ungefanyaje?"

"Sikulala vizuri."

"Lini uliwahi kulala vizuri? Macho mekundu kila siku kama umekesha msibani. Nenda kwa yule muuza magodoro, anafundisha watu kupumua."

"Kupumua najua."

"Ungejua ungeniunguzia shati?"

Walimwita Bubu, na hakuwa bubu. Maneno alikuwa nayo tele, ila yaliishia ndani, na karibu yote yalikuwa ya kudharau. Nje alikuwa mtu wa "ndiyo" na "samahani". Ndani hakusalimika mtu.

Alilelewa na mamdogo wake baada ya mama yake kufa. Mamdogo hakuwa mtu wa fimbo, na majirani walimsifia kwa hilo. Alikuwa mtu wa kikombe. Kila alipomkuta mtoto amelala, iwe usiku au alfajiri, alimmwagia maji ya baridi usoni, kisha akarudi kitandani kwake bila kusema neno. Hakutoa sababu. Mtoto alilia, akabadilishiwa shuka, akalala tena, akamwagiwa tena. Mwisho mtoto akajifunza kulala kama mlinzi wa ghala, akisikiliza nyayo. Alikua hivyo hivyo. Sasa alikuwa na chumba chake cha kupanga, chenye komeo kwa ndani, wala hakukuwa na mtu wa kumgusa, lakini mwili ulikuwa haujapata habari. Kila chombo kilicholia kwa jirani kilimkalisha kitako. Alichokitaka katika dunia hii hakikuwa kikubwa: alale kama watu wanavyolala.

Basi akaenda kwa muuza magodoro.

Akakuta watu wamekaa sakafuni juu ya vipande vya sponji, kila mmoja amejitia huzuni ya heshima. Alikuwepo kinyozi wa mtaani, mtu wa maneno mengi, ambaye alikuja kutafuta amani baada ya kuachwa na mchumba. Waliobaki walikuwa mabibi na mabwana wenye nguo safi, ambao shida yao kubwa, kwa macho ya mpiga pasi, ilikuwa kukosa kazi ya kufanya mchana.

"Fumbeni macho," Mtulivu akasema. "Vuta pumzi. Taratibu. Sasa achia."

Alisema "achia" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia wanunuzi "lalia uone".

Mpiga pasi alivuta, akaachia. Macho hakufumba. Kufumba macho huku kuna mtu anatembeatembea nyuma yako? Hata angelipwa. Akayakodoa ukutani, palipokuwa na nzi mmoja anayejipangusa miguu. Mtulivu alipopita mbele yake alisimama. Akainama. Akamtazama vizuri, akapandisha nyusi.

"Huyu," akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka kwa muuza misumari, "huyu ameshavuka daraja la kufumba. Huyu anaona ya ndani akiwa macho."

Mpiga pasi alitaka kusema kwamba anaona nzi. Badala yake akasema "samahani".

Mara iliyofuata alipofika, darasa zima lilikuwa limetoa macho. Watu wazima, wenye wajukuu wengine, wamekaa wamekodoa ukutani kama samaki sokoni. Kinyozi machozi yalimchuruzika kama anayemenya vitunguu.

"Dada," akamnong'oneza, "unawezaje bila kupepesa? Mimi naona nzi tu."

"Hata mimi naona nzi."

Kinyozi akatikisa kichwa polepole, kama aliyefunuliwa siri. "Nzi. Sawa. Kumbe nilikuwa nimefika, sijijui."

Mpiga pasi akageuzia uso dirishani. Moyoni alisonya msonyo mrefu, ule wa kuanzia kwenye meno ya mwisho.

Lakini kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba kitu kile kilikuwa kinafanya kazi. Siku moja yuko mezani anapiga pasi suruali, mlango ukabamizwa. Mwili ukaanza safari yake ya kuruka, kisha pumzi ikashuka yenyewe, taratibu, kama alivyozoeshwa kule juu, na mkono ukabaki kwenye pasi. Suruali ikapona. Mama Dobi alichungulia, akamtazama, akaondoka bila neno, na kwa Mama Dobi hiyo ni pongezi. Mpiga pasi badala ya kufurahi akakasirika. Kuponywa na mjinga ni kama kuokolewa mtoni na mtu ambaye utasikia habari zake mpaka unakufa. Angekuwa daktari, mtu wa dini, hata mganga wa mizizi, angeshukuru. Lakini muuza magodoro!

Usingizi, hata hivyo, ulikuwa bado. Mchana alikuwa mtu, usiku akarudi kuwa mlinzi wa ghala.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Watu wenye aibu wakifungua mdomo hawachagui wa kumfungulia. Baada ya darasa moja lililomlegeza, Mtulivu alimwita pembeni, akamuuliza nani alimuumiza. Naye akasema. Akasema kikombe, akasema maji, akasema mamdogo. Mtulivu alisikiliza huku amekunja uso kwa huruma, kisha akauliza, kama anayepitisha muda tu, "Bado yupo hai? Anakaa wapi?" Akatajiwa. Mpiga pasi alishuka ngazi mwepesi kama pamba, na hakuna alichokishuku.

Ikafika siku ya wageni. Mtulivu aliazima viti, akawapanga jamaa na majirani, mwenyewe akasimama mbele na kengele mkononi. "Leo," akasema, "mtaiona kazi ya tafakuri kwa macho yenu." Akamsimamisha mpiga pasi katikati ya chumba. "Dada yetu huyu aliteswa utotoni. Amekaa hapa, amepumua, ameiva. Leo atasamehe."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mamdogo.

Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Kitambaa cha kufutia machozi kilikuwa tayari mkononi, machozi yenyewe hayajafika. Na nyuma yake aliburuta begi kubwa la magurudumu, gurudumu moja limekatika, likikwaruza sakafu kama linalalamika.

Mpiga pasi hakumtazama mamdogo. Alilitazama begi.

"Mwanangu!" Mamdogo akafungua mikono. "Unaona nilivyokonda? Mwalimu kaniambia una chumba chako mwenyewe. Mimi ni mtu wa kona, wala hutajua kama nipo."

Mpiga pasi akamgeukia Mtulivu. Uso wa mwalimu ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyefanikiwa kuuza lile godoro kubwa kuliko yote.

"Ni maneno machache tu, dada," akasema. "Sema nimekusamehe, twende nyumbani."

"Sema, binti!" bibi mmoja akadakia kwenye viti. "Mzazi ni mzazi!"

"Sema tupige makofi!"

Uso ukapata baridi, baridi ile ya maji. Kwa muda akawa mtoto, shuka limelowa, nyayo zinaondoka gizani. Mdomo ukaanza kujiandaa kusema "ndiyo", na "samahani" juu yake, kama kawaida yake. Angelisema, leo hii begi lile lingelala chumbani kwake, na mwenye begi karibu na kichwa chake.

Akavuta pumzi. Ikaja. Akaachia.

"Mamdogo," akasema, "nilipokuwa nalala, kwa nini ulikuwa unanimwagia maji?"

"Ah, mambo ya kale hayo! Kulea ni kulea."

"Kwa nini?"

Mamdogo akawageukia wageni na kucheka. "Huyu mtoto alikuwa analala! Analala kama taa iliyozimwa!" Hakucheka mtu isipokuwa Mtulivu, kicheko kifupi cha kusaidia biashara. Mamdogo akaona hapendezi, akakunja kitambaa chake. "Basi mimi nilikuwa sipati usingizi, tangu mwanamume alivyoniacha. Nakaa macho mpaka kunakucha. Halafu nageuka namwona huyu, kaachama mdomo, anakoroma, hana habari na shida za mtu. Nyie mngekuwa mimi msingekasirika?"

Miaka yote mpiga pasi alikuwa ametafuta sababu, na alikuwa ameitafuta kubwa. Labda alizaliwa na mkosi. Labda alifanana na mtu mbaya. Labda yeye ndiye aliyemuua mama yake kwa njia fulani isiyosemeka, na mamdogo alikuwa anajua. Kumbe alionewa wivu wa kukoroma! Mwanamke mzima, na nywele zake kichwani, anamwonea gere mtoto mdogo kwa usingizi!

"Hicho tu?" akauliza.

"Hicho tu nini?"

"Nilidhani kuna kitu."

Akamtazama mamdogo toka kichwani mpaka kwenye begi, na akamdharau. Alishamdharau Mtulivu, akamdharau kinyozi, akawadharau wateja wa Mama Dobi kwa madoa ya kola zao, lakini huyu mmoja hakuwahi kuthubutu kumdharau. Siku zote alikuwa amemwogopa. Ilikuwa dharau tamu, ya moto, kama chai ya kwanza baada ya homa.

"Sisemi nimekusamehe," akasema. "Sijui kama nimesamehe. Na kwangu hukai."

Mtulivu akaigonga kengele haraka haraka. "Tuvute pumzi! Wote tuvute pumzi!"

"Mimi nimeshavuta."

"Utanitupa njiani mbele za watu?" Mamdogo sasa machozi yalimfika, ya kweli, ya hasira. "Mimi niliyekulea!"

"Una mwanao wa kumzaa, ana nyumba nzima."

"Mkewe hanipendi!"

"Mkewe ana akili," kinyozi akasema, kisha akajifanya anakohoa. Alipoona watu wameanza kucheka akapata nguvu. "Si akae hapa kwa mwalimu? Amani yote ya mtaa huu iko hapa, na pa kulalia ndio usiseme."

"Mimi..." Mtulivu akarudi nyuma hatua. "Mimi nina familia."

Lakini mamdogo alikuwa ameshainama anabonyeza sponji kwa kidole, kupima ulaini wake.

Mpiga pasi akaanza kushuka ngazi. Mtulivu akamfuata mpaka mlangoni, shati jeupe limemtoka kwenye mshipi, sauti imerudi ya muuzaji aliyerudishiwa bidhaa. "Umeniaibisha! Usirudi hapa mpaka roho yako isafike! Na hizo pumzi unazoringia nimekufundisha mimi!"

Mpiga pasi akageuka katikati ya ngazi. "Ni kweli," akasema, kwa sababu ilikuwa kweli, na siku nzima ile hakusema kitu kilichomchoma kuliko hicho.

Alifika chumbani kwake jua lingali kali. Akafunga mlango, akajitupa kitandani na viatu vyake, akisema apumzike kidogo kabla ya kufua. Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ilikuwa inabishana na mtu kuhusu mpira. Akavuta pumzi, akaachia. Akamfikiria mamdogo wa wakati ule, kijana kuliko yeye alivyo sasa, ameketi gizani anamtazama mtoto akilala. Huruma ikaja ikabisha hodi. Akaiambia ingoje nje, leo hapokei wageni. Akavuta tena, akaachia, akaanza kutunga maneno atakayomwambia Mtulivu wakikutana sokoni, maneno makali, yaliyopangika vizuri. Hakuyamaliza.

Mlango ukagongwa, ngo, ngo, ngo.

"Jirani! Jirani we! Niazime kiberiti!"

Aliamka polepole. Mate yalikuwa yamelowanisha mto, shavu limechorwa mistari ya shuka, kiatu kimoja kimeanguka. Hakuruka. Hakushika ukuta. Alichokisikia kikipanda kifuani ilikuwa hasira, hasira ya kawaida kabisa ya mtu aliyekatiziwa usingizi. Akachukua kiberiti, akafungua.

"Ndiyo unagonga mlango hivyo? Hujui kama watu wamelala?"

Jirani akabaki ameduwaa, mkono bado uko hewani. "Mchana wote huu?"

"Mchana huu huu. Shika kiberiti."

"Makubwa," jirani akasema. "Bubu leo anasema."

Akamfungia mlango usoni, akavua kiatu kilichobaki, akageuza mto upande mkavu, akalala autafute usingizi pale alipouachia.