Sawa ya Shemeji

Miaka mitatu mama mkwe hakusema na Pima Maji uso kwa uso. Akiwa na neno alilipitisha kwa binti yake: "Mwambie mumeo." Chanzo ni rafu aliyotundikiwa na mkwe wake huyo. Ilikaa ukutani siku nne, ya tano ikashuka na sahani zake zote za harusi. Tangu hapo mkwe hakugusa kazi bila pima maji mkononi, kile kipimo chenye povu cha kuonyesha usawa, na jina likamganda.

Sasa mama mkwe alikuwa amehamia kwao, nyonga imetiwa vyuma, daktari kakataza asinyanyuliwe. Hatua moja tu kutoka miguuni pake kitandani lilisimama kabati la nguo la milango mitatu. Lilikuja vipande vipande kwenye maboksi, na kuliunga hakukuwa na shida. Shida ilikuwa sakafu, iliyoinamia kitandani kana kwamba aliyeisakafia alikuwa na hasira na mtu.

Mke alipokwenda kazini aliacha maneno machache. "Ukimwangushia na hili, usinitafute."

Kwa papara ya kutaka lipendeze mapema, Pima Maji alikuwa ameipachika milango kabla ya kulikaza kabati ukutani. Alilijua kosa lake: uzito wa milango ulilivuta kabati mbele. Lakini kuivua tena mbele ya mama mkwe aliona haya, akajitia hamnazo.

Shemeji, kaka wa mkewe, alisimama ubavuni, mkono mmoja kwenye kabati, wa pili kwenye simu. Mbele ya macho yake pima maji ilikuwa imebandikwa kwenye kabati kwa utepe. Pima Maji akalala kifudifudi, akaingiza mtaimbo chini ya ubao wa mbele, akainua, akapenyeza kabari. Kutoka pale chini aliona vumbi na ndala za shemeji, basi.

"Angalia povu likae katikati. Nikitoa mtaimbo usiachie."

"Poa."

Akaigonga kabari. "Sawa?"

"Sawa."

Mmoja aliuliza kama kabati limenyooka. Mwingine, macho kwenye simu, alijibu kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Pima Maji akaanza kuulegeza mtaimbo.

"Si sawa."

Hakuitambua sauti mara moja, maana haikuwa na mazoea ya kumwelekea. Akauzuia mtaimbo pale pale.

"Mlango unafunguka wenyewe," mama mkwe alisema taratibu, kama anayeogopa kuushtua. "Na wa pili. Inakuja kwangu."

"Shemeji, shika kwa mikono yote miwili."

Simu ikaanguka sakafuni. Pima Maji akaulalia mtaimbo kwa uzito wake wote, na mtaimbo ukateleza kidogo kwenye saruji. Aliogopa, tena sana. Zile zilikuwa sahani, huyu alikuwa mtu asiyeweza hata kujivuta pembeni. Akapapasa kwa mkono wa kushoto, akaokota kabari nene, akaisukuma, akaipiga kwa ngumi hadi vidole vikachubuka. Juu yake shemeji alihema. Kabati likarudi nyuma polepole, likaegemea ukuta, na milango ikajifunga mmoja baada ya mwingine.

Hapo haya ikamwisha. Akaivua milango yote, akalikaza kabati ukutani kwa skrubu nne, akasawazisha upya, akairudisha milango. Shemeji aliiokota simu yake, akaitia mfukoni bila kuitazama.

Povu lilikaa katikati. Pima Maji hakuliamini. Akageukia kitandani, macho chini.

"Mama, sawa?"

Mama mkwe akamwamuru afungue mlango wa kati nusu, kisha auachie. Wote watatu wakautazama. Mlango ukabaki pale pale ulipoachwa.

"Sawa," alisema. Halafu akamkazia macho, bila kumpitia mtu. "Lakini sahani zangu sijazisahau."

"Najua, mama," alijibu, akainama kuokota kabari zilizobaki sakafuni.