Chunjua ya Mwisho

Saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa anakunja pindo la suruali ya mteja, na mbwa amelala chini ya meza ya kukatia, chunjua moja mdomoni mwa mbwa iliposema, "Mama nitamkumbuka sana."

Sauti ilikuwa ya kijana wao aliyeondoka. Mama, mke wa fundi, aliweka pasi, akamfungua mbwa taya. Chunjua zilikuwa saba, nyeupe, zimefumuka kama koliflawa. Wiki zake za mwisho nyumbani, kijana alikuwa akiongea na huyo mbwa tu.

Akampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Ni virusi, mama. Mbwa wadogo huambukizana wakilambana. Mwili ukishavijua, chunjua zinapukutika zenyewe, miezi miwili mitatu. Usikate, usifunge uzi. Zikitoa damu au akishindwa kula, mrudishe."

"Na zikiongea?"

"Ziache zimalize."

"Hakuna dawa ya kuzibakiza?"

Daktari alinawa mikono. "Hiyo hatuna, mama."

Zikapukutika sita. Ya saba, kwenye mdomo wa chini, ilingoja wote wawili wawe kazini, kisha ikasema: "Baba alishatoa moja, na mimi nikatoa moja. Akiniita mwenyewe, narudi siku hiyohiyo. Nitakuwa kwa fundi viatu, nyuma ya soko."

Ilikuwa kweli tupu. Tepu yao ilikatika inchi ya kwanza zamani, ikabaki inaanzia moja. Kawaida yao, baba anasoma, mwana anatoa moja ndipo anakata. Siku ya suruali ya bwana harusi, baba aliitoa mwenyewe na hakusema. Suruali ikaishia juu ya vifundo. Mbele ya bwana harusi, baba akasema mwanawe hajui hata kuhesabu, atoke.

"Mzee, umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia. Miguu anayo, aje."

"Anataka kuitwa. Suruali moja tu, jamani! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Mzazi haendi kwa mtoto."

Kiburi alikuwa nacho cha kutosha mtaa mzima, na chenji ikabaki.

Mama alikwenda mwenyewe nyuma ya soko. Kijana alikuwa amekonda, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Alimkumbatia mama yake, akampa kigoda, akauliza, "Kaniita?"

Mama alitafuta uongo, akaukosa. Alirudi analia njia nzima, wala hakujifuta.

Chunjua ilisema maneno yaleyale kila siku. Jumatatu fundi aliifunga uzi, kwa fundo lake la kushonea vifungo, lile lisilofunguka. Mbwa alitoka damu kidogo. Alhamisi chunjua ikadondoka, na mama akaiokota, akaitia kwenye kopo la vifungo.

Ijumaa fundi alihitaji kifungo. Alifungua kopo, nalo likasema yote, mpaka nyuma ya soko. Alisubiri limalize. Akachagua kifungo cheusi cha matundu manne, akafunika.

Kisha akatandaza shati la mteja mezani, akapima mkono wa shati hilo.

"Ishirini na tano," akasoma kwa sauti, kama kawaida.

Mbwa akainua kichwa kutazama mlango. Fundi alishika mkasi, akangoja mtu atoe moja.