Marehemu Haongei Kwenye Kikao

Watu wa Sombetini wakisikia spika hawaulizi kuna nini. Wanabeba viti wanakuja. Siku hiyo uwanja ulijaa mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta wa gereji. Kulikuwa na igizo la haki ya wanawake kurithi, na Lesian, fundi viatu, alipewa nafasi isiyo na maneno: marehemu. Akalazwa kwenye benchi katikati ya uwanja, akafunikwa shuka.

Alikubali kwa moyo wote, maana kisa chenyewe kilikuwa chake. Ana nyumba na shamba Elerai, ana mke, Ndeshi, na mtoto mmoja tu, wa kike. Kaka yake Saruni alishaapa hadharani kwamba Lesian akifa, shamba ni la wanawe yeye Saruni. Na Saruni huyo alikuwa mstari wa mbele, anatafuna hindi la kuchoma.

"Jamani!" Princess, mwongoza igizo, alitangaza kwenye kipaza sauti. "Hapa mtazamaji ana ruhusa kuingia akabadilisha mwisho!"

Akaingia mzee Ephraimu, mwenyekiti wa ukoo wa kina Lesian. Alishuka kwenye bodaboda kachelewa, akaona mwili, akaona ndugu, akavua kofia, akaomba sala ndefu ya Kilutheri. Uwanja mzima ukaitikia amina.

"Mzee, hili ni igizo," Princess akamnong'oneza.

"Tumeshaomba, binti. Kikao kimefunguliwa."

Lesian akafunua uso. "Shikamoo baba. Mimi mzima."

"Marahaba. Lala. Marehemu haongei kwenye kikao."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Lesian akalala. Ndeshi akajitokeza, akamgusa bega dada aliyekuwa anaigiza mjane. "Nipishe mdogo wangu, hapo ni kwangu."

Saruni naye akafuta mdomo, akasimama. "Mimi na marehemu tulipendana sana..."

"Muongo!" shuka likasema.

"Marehemu!" Ephraimu akakemea.

"...na aliniambia mwenyewe, kaka, shamba chukua."

Wamama wakamzomea. Ephraimu akainua fimbo. "Sawa. Kwetu anayechukua shamba ndiye anayelisha msiba. Saruni, waombolezaji ndio hawa."

Saruni akageuka. Umati wote ulishakaa chini, wengine wamevua viatu. Kutoka juu ya ukuta mtu akapiga kelele, "Mimi situmii pilipili!"

"Hawa si ndugu!"

"Wameitikia amina," Ephraimu akajibu.

Saruni akaanza kuhesabu vichwa, akaishia njiani. "Basi... mjane achukue."

"Nachukua," Ndeshi akasema hapohapo. "Loshoro ipo sufuria nzima, mahindi na maziwa mgando. Karibuni nyumbani."

Vigelegele! Ephraimu akafunga kikao kwa sala. Princess, jasho linamtoka, akajaribu kuokoa igizo lake. "Makofi kwa marehemu wetu! Inuka, Lesian!"

"Ainuke!" Saruni akaruka. "Akiinuka hakuna msiba, na bila msiba hakuna mgawanyo!"

Ephraimu akakuna kidevu. "Hapo kasema kweli."

Chini ya shuka, Lesian alikuwa amekufa ganzi mguu mzima, na viatu vya wateja vinamsubiri. Akamfikiria binti yake. Akafumba macho, akabana pumzi.

Wakambeba na benchi lake mpaka Elerai, wanaimba. Watu wakala, wakashiba, wakasifu. Saruni akaweka kigoda kando ya benchi, hata chooni haendi, anasubiri marehemu ajisahau. Ndeshi akapita mbele yake na bakuli, akalisukuma chini ya shuka. Kijiko kikaanza kugonga.

"Nini hicho?" Saruni akafoka.

"Marehemu," Ndeshi akasema. "Kwani kainuka?"