Manyigu wa Mama Mkwe

Mama Eugénie alitaka jambo moja tu duniani: mkwe wake aondoke, binti yake abaki. Hakulificha, wala hakulionea aibu. Ghislain alikuwa fundi wa kiwanda mjini Likasi. Mishahara ilipokatika na njaa ikaushika mji, alifunga virago akaja na mkewe Adrienne na mtoto mchanga, wakakaa shambani kwa mama huyu, kando ya barabara ya Kapolowe. Mwanamume mzima kuja kula kwenye sufuria ya mama mkwe! Eugénie alisema kitu hicho hajawahi kukiona tangu azaliwe.

Sasa kugombana na mkwe si kazi rahisi kwao, maana kuna buko. Mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso, hawagusani, hawatajani majina. Neno hupitia kwa binti. Binti asipokuwepo, unakiambia kitu chochote kilicho karibu, na mwenye masikio atasikia. Pale shambani kazi hiyo walikipa kinu. Maskini kinu! Kilitukanwa asubuhi hadi jioni.

"We kinu," Eugénie angesema, "muambie ule muntu, mihogo haijilimi. Hapa haiko kantini."

Na manyigu? Manyigu walikuwepo kabla ya mkwe. Wakubwa, wekundu, kiuno uzi, miguu inaning'inia wakiruka. Walijenga chini ya paa la jiko, walijenga ghalani, walijenga hata kwenye nguzo ya bafu la nyasi. Eugénie aliishi nao. Ulipita polepole, hukupunga mkono, nao walikuacha. Wiki ya kwanza walimchoma Ghislain shavuni, uso ukavimba hadi jicho likafumba. Alicheka huyo mama! "Manyigu yangu inajua bantu ya hapa," alikiambia kinu. Ghislain alipotaka kuwachoma kwa mwenge, Eugénie alikataa katakata. Ukweli wenyewe, alitumaini watamfukuza kwa niaba yake.

Siku ya mambo, Adrienne alikuwa ameenda soko la Kikula kuuza makaa, mtoto mgongoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo wa mvua ulikuwa umepita ukaiegemeza nguzo ya bafu, na kiota kikapasuka. Ghislain alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Akaona manyigu wanazunguka pale kwa ghadhabu, na mama mkwe anatoka jikoni na ndoo ya maji ya moto.

Akakigeukia kinu, akapaza sauti. "Kinu! Bantu basiingie mu bafu! Manyigu beko na kasirani leo!"

Eugénie alisimama, hasira ikampanda. Mtu huyu sasa anampangia saa ya kuoga? Kwenye bafu alilolijenga marehemu mume wake?

"We kinu," akajibu, "muambie anyamaze. Mwenye lupango, mwenye nyumba hii, anaenda kuoga."

Akaingia, akavua, akatundika kikwembe chake kwenye nguzo ile iliyoegama. Nguzo ikalala chini.

Lo! Walimwangukia kichwani, shingoni, mgongoni. Alipunga mikono, yeye aliyewafundisha watu wasipunge. Akateleza kwenye tope la sabuni, akaanguka, akapiga ukelele. Kupitia nyasi aliiona miguu ya mkwe imesimama nje, haiingii, na alijua sababu. Yuko uchi. Mkwe akimwona mama mkwe uchi, heri angepigwa na radi. Na Eugénie, Mungu amsamehe, pamoja na maumivu yote yale alipiga kelele: "Usiingie!" Alimwambia yeye mwenyewe, si kinu.

Ghislain aliingia. Alibomoa ukuta kwa bega, akamfunika mama kwa gunia, akambeba mgongoni, na manyigu wakamgeukia yeye. Akamlaza mkekani ndani ya nyumba, akafunga mlango. Halafu akaenda kuketi kando ya barabara, ameipa nyumba kisogo, uso umemvimba hata hatambuliki.

Hapo ndipo Adrienne alipomkuta aliporudi kutoka sokoni. Walisemezana kidogo, kisha akaingia mbio, akamkanda mama yake kwa kitambaa cha maji baridi, akilia.

"Mama, Ghislain anasema alikamata mama na mikono yake, na aliona. Hawezi kulala tena mu hii lupango. Mpaka mama mwenyewe amuite kwa jina, amupe mayi ya kunywa. Museme tu, mama. Jina tu."

Ni kweli, buko ukivunjwa hakuna mwingine wa kuutengeneza ila mama mkwe mwenyewe. Eugénie aliugeukia ukuta. Moyoni alikuwa anapiga hesabu zake: mkwe akienda, anakwenda peke yake. Binti gani atamwacha mama yake amevimba mkekani? Kile alichokuwa anakitafuta kimemfuata hadi alipolala, na gharama yake ni kunyamaza tu.

"Mama, bila yeye mungekufa."

Eugénie alijivutia gunia hadi shingoni.

"Mama!"

"Aende," Eugénie akasema. "Macho ilimutangulia ku barabara, sasa aifuate."

Adrienne aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akakunja blanketi lao, akajaza maji kikombe na kukiweka karibu na mkono wa mama yake.

"Basi. Mubakie muzuri, mama."

Hasira tu hizo, Eugénie alijiambia. Watoto wa leo! Atafika uani, atalia, atarudi. Akangoja. Akasikia nyayo za watu wawili kwenye changarawe, na mtoto analia, na kile kilio kinakwenda upande wa Likasi, mjini kusiko na mshahara wala unga. Akangoja tena. Kilio hakikurudi.

Ndipo alipoinuka, akajiburuta akishika ukuta, akafungua mlango. Barabara ilikuwa tupu.

"Ghislain!" Jina lilimtoka kwa shida, hakuwahi kulitamka hata siku moja. "Ghislain, mwanangu, kuya! Kuya unywe!"

Alisimama barabarani na kikombe cha maji mkononi, akaita tena na tena, mpaka majirani wakatoka mashambani kuuliza ni nani amekufa.